Bila Kompyuta, kwa Scratch au kwa Python: Ulinganisho kwa Anayepanga Somo la Sayansi ya Kompyuta la Darasa Mchanganyiko

Shule inapoamua kuanzisha somo la sayansi ya kompyuta, mjadala wa walimu haukawii kufika kwenye lugha ya programu. Mmoja atataka Scratch kwa kuwa watoto huifurahia, mwingine Python kwa kuwa ndiyo inayotumika kazini, na wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye mwenye funguo za maabara na anajua ni mashine ngapi zinazowaka, atauliza kama haiwezekani kuanza bila kompyuta kabisa. Wote watatu wana hoja, ila swali lililopaswa kutangulia huwa halijaulizwa: katika darasa hili, kila njia itamwacha nani nje, na katika hatua ipi? Darasa la kawaida la kwetu lina mtoto aliyekulia kwenye nyumba yenye kompyuta mpakato na mwenzake ambaye hajawahi kushika kipanya. Lina anayesoma Kiingereza bila shida na anayekisoma kwa kubahatisha. Na katika shule jumuishi lina asiyeona, kiziwi, na mwenye ulemavu wa mikono.

Msimamo wangu ni kwamba njia ichaguliwe kwa kumtazama anayefungiwa mlango mapema zaidi, si anayekwenda kasi zaidi. Ukipima kwa kigezo hicho, matokeo hayafuati sifa zilizozoeleka. Scratch, inayosifiwa kuwa rafiki wa kila mtoto, humfungia kabisa mwanafunzi wa aina moja, na Python, inayoogopwa, huwafaa wengi kuliko inavyodhaniwa, alimradi ifundishwe kwa kuanza na kusoma programu kabla ya kuziandika.

Njia tatu zinazolinganishwa

Ya kwanza ni shughuli za sayansi ya kompyuta zisizohitaji kompyuta. Mkusanyiko unaojulikana zaidi ulianzishwa miaka ya 1990 na Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows, na kituo chake kikuu kimekuwa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand. Shughuli zake hupatikana bure. Mwanafunzi hujifunza namba za mfumo wa mbili kwa kadi, kupanga vitu kwa mfuatano kwa kutembea juu ya mistari iliyochorwa uwanjani, na kugundua kosa katika ujumbe kwa mchezo unaofanana na mazingaombwe.

Ya pili ni Scratch, iliyotengenezwa na kundi la Mitchel Resnick katika maabara ya MIT Media Lab na kutolewa kwa umma mwaka 2007. Programu hujengwa kwa kuburuta vitalu vya rangi na kuvipachika kimoja chini ya kingine, na kitalu kisichofaa mahali fulani hakiingii, kwa hiyo makosa ya kuandika hayapo. Ilikusudiwa hasa watoto wa miaka 8 hadi 16. Ya tatu ni Python, lugha ya maandishi ya Guido van Rossum iliyotoka mwaka 1991, ambayo leo hutumika kuanzia darasa la wanaoanza hadi maabara za utafiti.

Mashine, umeme na ukubwa wa darasa

Hapa ushindi wa njia ya kwanza uko wazi. Chukua shughuli ya kadi tano zenye nukta 16, 8, 4, 2 na 1. Wanafunzi watano husimama wamepanga mstari, kila mmoja na kadi yake, na mwalimu anapotaja 19, wenye 16, 2 na 1 hugeuza kadi zao nukta zionekane huku wenye 8 na 4 wakizificha. Kadi inayoonekana ni 1 na iliyofichwa ni 0, kwa hiyo darasa linaandika 10011. Wanafunzi 70 hugawanyika katika makundi 14, kila mmoja ana kadi mkononi, na umeme ukikatika hakuna anayejua. Sijui njia nyingine inayompa kila mwanafunzi wa darasa kubwa kitu cha kufanya katika kipindi cha dakika 40.

Scratch na Python zote zinahitaji mashine, lakini haziumii sawa mashine zinapokuwa chache. Kompyuta moja kwa wanafunzi wanne ina maana kwamba katika Scratch mmoja ndiye mwenye kipanya na watatu ni watazamaji, na mwenye kipanya huwa ni yule aliyezoea kompyuta nyumbani. Katika madarasa mengi ya mchanganyiko wasichana hujikuta wakipewa daftari wanukuu. Kubadilishana kila baada ya dakika kumi, mmoja akishika na mwenzake akielekeza, kunasaidia wakiwa wawili. Wakiwa wanne hakutoshi. Python ina nafuu kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake inaweza kufanyika kwenye karatasi. Mwalimu huchapa programu fupi, huikata vipande vya mstari mmoja mmoja, huvichanganya, na kundi lisilo na mashine huvipanga upya hadi programu ilete maana. Zoezi hili lilielezwa na Dale Parsons na Patricia Haden wa New Zealand mwaka 2006, na kwa shule yenye mashine kumi lina thamani kuliko mashine ya kumi na moja: nusu ya darasa hupanga vipande, nusu huendesha programu, na katikati ya kipindi hubadilishana.

Umri wa mashine nao uangaliwe kabla ya kuahidi chochote. Kompyuta za msaada mara nyingi bado zina Windows 7. Programu ya Scratch 3 ya kusakinisha inahitaji Windows 10 au mpya zaidi, ilhali Python toleo la 3.8, la mwisho kukubali Windows 7, linatosha kabisa kwa mafunzo ya mwanzo. Zote mbili husakinishwa kwa flashi na kufanya kazi bila bando. Kwa shule zenye vishikwambi tu mizani hugeuka: Scratch hufaa kwenye kioo cha kugusa, ilhali kuandika Python kwa kibodi ya kishikwambi ni mateso yasiyo na sababu.

Lugha ya mwanafunzi

Nchini Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili miaka yote, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote hugeuka kuwa Kiingereza. Anayepanga somo la kompyuta la kidato cha kwanza anapanga, atake asitake, somo la lugha mbili. Nchini Kenya tatizo lina sura nyingine, kwa kuwa Kiingereza hutangulia mapema, lakini kati ya mtoto wa Nairobi na mtoto wa Turkana umbali wa lugha haufutwi na jina la darasa wanalosoma.

Shughuli zisizo na kompyuta hazina lugha yake zenyewe. Mwalimu hutumia ile ambayo darasa linaielewa. Scratch ina jambo ambalo walimu wengi hawalitumii: Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake, na programu iliyokwisha kujengwa haijengwi upya lugha inapobadilishwa. Vitalu ni vilevile, mpangilio ni uleule, maneno juu yake ndiyo yanayogeuka. Mwalimu wa kidato cha kwanza anaweza kujenga programu pamoja na darasa kwa Kiswahili, kubadili lugha mbele ya macho yao, na kuwauliza ni neno lipi la Kiingereza limekaa mahali pa lipi. Kwa mtoto aliyekwisha kuelewa kinachotendeka, Kiingereza hicho si kigeni tena, na atakikuta hivyo hivyo katika mtihani wa taifa.

Python haina Kiswahili. Hata hivyo uzito wa Kiingereza chake hutiwa chumvi. Lugha nzima ina maneno maalumu 35, na katika muhula wa kwanza hayatumiki hata 15. Majina mengine yote huyachagua mwandishi wa programu mwenyewe, na hakuna sheria inayosema yawe ya Kiingereza:

bei = 500
idadi = 12
jumla = bei * idadi
if jumla > 5000:
    print("Umepata punguzo")
else:
    print("Hakuna punguzo")

Mwanafunzi aliyewahi kutumwa dukani anaweza kutabiri kwamba programu hii itaandika "Umepata punguzo", hata kabla ya kuambiwa nyota inazidisha. Kinachomkwamisha ni ujumbe wa makosa, ambao huja kwa Kiingereza cha kitaalamu na humtisha mtoto akadhani ameharibu mashine. Dawa yake ni karatasi moja ukutani yenye makosa sita au saba ya kawaida na maana zake kwa Kiswahili: NameError ni jina lisilojulikana, na mara nyingi umeandika Jumla kwa herufi kubwa mahali palipo na jumla, IndentationError ni mstari ulioanza mahali pasipo pake. Darasa lenye karatasi hiyo humwita mwalimu mara chache zaidi.

Asiyeona, kiziwi, na mwenye mikono isiyotulia

Hapa ndipo njia hizi zinapoachana kabisa, na ndipo mitaala mingi inaponyamaza.

Kwa mwanafunzi asiyeona Scratch ni mlango uliofungwa. Vitalu vyake ni picha zinazoburutwa kwa kipanya, kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti kilichoko kwenye skrini, hakimpi njia ya kuvipanga kwa kujitegemea, na matokeo yenyewe, paka anayetembea au mpira unaodunda, ni ya kutazamwa. Kumkalisha pembeni ya mwenzake amsimulie kinachoendelea si kumfundisha. Nimesoma miongozo kadhaa inayoita hilo ushirikishwaji, nami sikubaliani nayo.

Python, kwa kuwa ni maandishi, husomeka. Kisoma skrini cha NVDA, kilichoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, ni cha bure, hufanya kazi kutoka kwenye flashi, na sauti ya eSpeak NG inayokuja nacho ina Kiswahili. Yako mambo mawili ambayo mwalimu lazima ayajue mapema. La kwanza, Python hutumia nafasi za mwanzo wa mstari kuonyesha ni mistari gani iko ndani ya sharti au marudio, na mtu asiyeona haoni nafasi hizo; katika mipangilio ya NVDA ya muundo wa waraka kuna chaguo la kutangaza nafasi hizo kwa maneno au kwa mlio unaopanda kadiri mstari unavyoingia ndani, na mlio huo wanafunzi huuzoea haraka. La pili ni kihariri, yaani programu ambamo mwanafunzi huandikia Python yake. Thonny, iliyotoka Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, ni kihariri kizuri sana kwa wanaoanza wanaoona, lakini yeye na IDLE, kihariri kinachokuja na Python yenyewe, vimejengwa juu ya Tkinter, nyenzo ya kuchorea madirisha na vitufe, ambayo haisemezani vizuri na visoma skrini. Mwanafunzi asiyeona apewe Notepad na dirisha la amri, au Visual Studio Code kama mashine inaibeba. Shule iliyomsakinishia Thonny ikaona hasikii kitu isihitimishe kwamba somo halimfai.

Ipo pia lugha iitwayo Quorum, inayoongozwa na Andreas Stefik wa Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas, iliyobuniwa tangu mwanzo kwa kuwafikiria wasioona. Haitegemei nafasi za mwanzo wa mstari. Kila sehemu hufungwa kwa neno la kumalizia, na ina amri ya kuifanya kompyuta itamke maneno badala ya kuyaandika. Kwa shule maalumu ya wasioona yenye mwalimu mwenye ari, ningeipendekeza kabla ya Python. Kwa shule jumuishi ningesita, kwa kuwa mwanafunzi huyo atabaki na lugha isiyojulikana na mwenzake yeyote, na rafiki wa dawati la nyuma anayeelewa kosa lako ni msaada usiopaswa kupotezwa.

Shughuli zisizo na kompyuta zinaonekana salama kwa asiyeona, lakini nyingi zilibuniwa kwa macho. Kadi za nukta hurekebishwa kwa dakika chache: bandika maharage kwa gundi, upande wenye maharage ni moja na upande laini ni sifuri. Mazingaombwe ya kugundua kosa ni magumu zaidi, kwa sababu yanategemea kuona kadi 36 kwa mara moja zikiwa zimepangwa mistari sita kwa sita. Huko pwani tunacho kifaa kinachofaa kuliko kadi, nacho ni bao. Lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane. Mwanafunzi mmoja huweka kete moja moja popote apendapo katika safu tatu, akiliacha shimo la nane la kila safu. Mwenzake hujaza shimo la nane la kila safu, kisha safu nzima ya nne, kwa kuweka kete au kuacha wazi, ili kila safu na kila mstari wa kushuka uwe na idadi shufwa ya kete. Wa tatu hutoa kete moja mahali pamoja, au huiongeza, wakati mwenzao yuko nje. Anayerudi hupapasa safu moja moja hadi aipate yenye idadi witiri, kisha mistari ya kushuka, na pale viwili hivyo vinapokutana ndipo palipoguswa. Asiyeona hahitaji msaada wa yeyote, na shimo la nyumba, ambalo kwenye mabao ya Zanzibar lina pembe tofauti na mengine, humwonyesha mahali alipo. Hiyo ndiyo kanuni ambayo mitambo huitumia kujua kwamba taarifa imeharibika njiani na ni wapi.

Kwa kiziwi hali hugeuka. Scratch humfaa vizuri, kwa kuwa karibu kila kitu kiko mbele ya macho na maandishi ni machache. Python humlazimu kusoma Kiingereza, ambacho kwa anayetumia lugha ya alama ni lugha ya pili au ya tatu. Kikwazo chake kikubwa, katika njia zote, ni namna ya kufundisha: hawezi kumtazama mkalimani na skrini kwa wakati mmoja, na mwalimu anayeeleza huku akibofya amempotezea nusu ya kipindi. Elezea kwanza, nyamaza, bofya, kisha elezea tena. Alama za mambo kama sharti na marudio zikubaliwe na darasa zima mwanzoni mwa muhula, ili mkalimani asitahajie neno herufi kwa herufi kila mara. Kwa wenye mikono isiyotulia kuburuta vitalu ni kazi ngumu, na kibodi huwa rafiki zaidi, hasa ukiwasha katika Windows ule mpangilio unaoruhusu kubonyeza vitufe kimoja kimoja badala ya kuvishikilia pamoja.

Tufanye nini basi pale asiyeona na kiziwi wanapokaa darasa moja? Hakuna chombo kimoja kinachowatosha wote wawili, na mtaala usijidai kukipata. Kanuni za usanifu wa kujifunza kwa wote, zilizoenezwa na taasisi ya CAST ya Marekani, zinashauri lengo libaki moja na njia za kulifikia ziwe zaidi ya moja. Kwa mpangaji wa mtaala hilo lina maana ya kuandika malengo bila kutaja chombo. "Mwanafunzi ajenge mchezo ambao paka anakimbiza panya" ni lengo la Scratch, na limekwisha kumtoa mtu nje. "Mwanafunzi aunde programu inayopokea bei na idadi, itoe jumla, na iamue kama mteja anastahili punguzo" linafanyika kwa Scratch, kwa Python na kwa Quorum, na husahihishwa kwa vigezo vilevile. Kazi hii ya kuandika malengo upya haigharimu senti, nami naiona ina faida kuliko ununuzi wowote wa vifaa.

Aliyetangulia na anayeanza

Tofauti ya uzoefu haionekani kwa macho kama ulemavu, na kwa hiyo hupuuzwa. Mwanafunzi mmoja anajibu kila swali kabla halijaisha, wengine wanahitimisha kwamba wao si watu wa kompyuta, na wa kwanza kuhitimisha hivyo huwa wasichana na watoto wa nyumba zisizo na kompyuta. Chuo cha Harvey Mudd huko California, ambacho Maria Klawe alianza kukiongoza mwaka 2006, kililikabili jambo hili waziwazi: somo la kwanza liligawanywa makundi kwa kigezo cha uzoefu wa awali, Python ikachukua nafasi ya Java, na wasichana wa mwaka wa kwanza wakapelekwa kwenye mkutano mkubwa wa wanawake wa fani hiyo. Wanawake kati ya wahitimu wa sayansi ya kompyuta walipanda kutoka takriban asilimia 10 hadi karibu 40 ndani ya miaka michache. Kabla ya hapo, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilipandisha idadi ya wanawake wanaoingia katika fani hiyo kutoka asilimia 7 mwaka 1995 hadi 42 mwaka 2000, pamoja na mambo mengine kwa kutoa njia tofauti za kuingilia kwa wenye uzoefu na wasio nao.

Hivyo ni vyuo vya Marekani vyenye fedha, na mwalimu mmoja mwenye mikondo mitatu hawezi kuviiga. Anachoweza kuiga ni kigezo: makundi yagawanywe kwa uzoefu, si kwa alama, na yote yafike kwenye mtihani uleule. Kama kugawa hakuwezekani, mpangilio wa hatua tano wa Sue Sentance wa Uingereza huleta karibu matokeo hayo ndani ya darasa moja. Wanafunzi kwanza hutabiri programu itafanya nini, kisha huiendesha, huichunguza, huirekebisha, na mwisho hutengeneza yao. Mwenye uzoefu aliyezoea kuandika haraka hana upendeleo katika kutabiri. Mara nyingi hukosea kwa kujiamini, na jambo hilo lina manufaa yake kwa darasa zima. Mpangilio huu huwezekana kwa Scratch pia, lakini kwa Python ndipo unapohitajika zaidi, kwa kuwa Python iliyoanza na ukurasa mtupu humuua mwanafunzi mgeni siku ya kwanza.

Kwa upande huu Scratch ina udhaifu mmoja usiosemwa sana. Kijana wa miaka 16, hasa wa kiume, huitazama kama mchezo wa watoto, na akishahisi amedharauliwa hutoa juhudi nusu. Kwa kidato cha tatu na cha nne singeanza nayo.

Usiondoe matumizi ya kawaida ya kompyuta

Uingereza ni funzo zuri hapa. Mwaka 2014 mtaala wa taifa wa England uliliondoa somo la TEHAMA na kuweka somo lenye uzito mkubwa wa programu. Ubora wa kitaaluma uliongezeka, lakini katika mtihani wa GCSE (ule wa vijana wa takriban miaka 16) wa sayansi ya kompyuta wasichana wamekuwa takriban mmoja kati ya watahiniwa watano, chini ya kiwango cha somo lililoondolewa. Kwa shule zetu, ambako kuna wanafunzi wasiojua kuhifadhi faili, kuruka hatua ya matumizi ya kawaida ni kuwapa ushindi waliozaliwa karibu na kompyuta. Wiki za kwanza za kuchapa, kupanga mafaili na kutumia jedwali la hesabu zibaki, zikiwa fupi na zenye kusudi.

Uchaguzi kwa shule za aina mbalimbali

Shule ya msingi yenye mashine au vishikwambi vya kutosha wawili wawili, isiyo na mwanafunzi asiyeona: Scratch, tena kwa Kiswahili, ikitanguliwa na wiki mbili au tatu za shughuli za mikono. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 7 itumike ScratchJr, iliyotoka mwaka 2014, ambayo haihitaji kusoma.

Shule yoyote ambayo mashine haziwaki kwa uhakika: shughuli zisizo na kompyuta kwa muhula mzima bila kuona haya, ila kila shughuli iunganishwe na kitu ambacho kompyuta hufanya kweli. Udhaifu mkubwa wa njia hii ni kwamba mtoto hufurahia mchezo, akaukumbuka mchezo, na asijue ulihusu nini. Muhula wa pili uingie vipande vya Python vya kupanga, ili siku mashine zitakapopatikana wanafunzi wawe wanasoma programu tayari.

Sekondari yenye mchanganyiko wa uzoefu na Kiingereza dhaifu, kwa kidato cha kwanza na cha pili: nisingeanza na Python siku ya kwanza wala kukaa Scratch mwaka mzima. Wiki nne hadi sita za Scratch ya lugha mbili, kisha Python kwa hatua tano, kwa kuijenga upya programu ileile waliyokwisha kuijenga kwa vitalu. Kuhama kwa programu wanayoifahamu hupunguza mzigo. Wanachojifunza ni maandishi tu, mantiki wanayo.

Sekondari yenye mwanafunzi asiyeona, hata akiwa mmoja kati ya 60: Scratch isiwe njia ya darasa zima. Darasa lianze kwa shughuli za mikono zilizorekebishwa, liingie Python pamoja, na mashine yake iwe na NVDA na kihariri kinachosomeka kabla ya muhula kufunguliwa. Walimu wengi huuliza kama ni haki wanafunzi 59 wakose Scratch kwa ajili ya mmoja. Hawakosi kitu wanachokihitaji: umri wao unaimudu Python, na mazoezi ya vipande vya karatasi huwafaa wao kama yanavyomfaa yeye, vipande vyake vikiwa vimeandikwa kwa nukta nundu. Akiwepo pia kiziwi, yeye apewe Scratch kwa malengo yaleyale hadi Kiingereza cha programu kitakapomkaa sawa, kisha ajiunge na wenzake.